Mwangalie Akigawa Maharage

Nilipopangiwa kazi ya ukufunzi kwa mara ya kwanza nilikuwa na nyota moja begani, na niliamini kuwa kuruta hupimwa uwanjani. Nilimtazama anavyosimama, anavyopiga mguu, anavyogeuka nyuma bila kuyumba. Sajinitaji wa kombania, aliyekuwa chini yangu kwa cheo na mbele yangu kwa miaka ishirini ya kazi, aliniacha niendelee hivyo wiki mbili. Wiki ya tatu akanifuata mchana akaniambia, "Afande, leo chelewa kidogo kwenda kula. Njoo tusimame pale kwenye mwarobaini tuangalie chakula kinavyogawiwa."

Tukasimama. Seksheni moja ya vijana kumi ilikuwa imeleta ndoo ya maharage na sufuria ya ugali kutoka jikoni. Kiongozi wao wa wiki ile alikuwa kijana mrefu, hodari wa kwata, sauti yake ya amri ilifika hadi barabarani. Moyoni nilishamwandika kuwa ndiye atakayeongoza gwaride la kuhitimu. Akashika upawa. Rafiki zake wawili waliokuwa mbele ya mstari aliwachotea kutoka chini ya ndoo, kule maharage yanakotuama. Waliofuata aliwachotea juu. Ya kwake alikuwa ameshayatenga mapema, mestini imejaa na kufunikwa. Wa mwisho alikuwa kijana mdogo wa umbo aliyetoka lindo, buti bado zina tope. Alipata mchuzi na punje ambazo ningeweza kuzihesabu nikiwa kule kule mwarobaini. Hakusema kitu. Akakaa chini, akala.

Sajinitaji hakunihutubia. Aliniuliza tu kama bado nilikuwa na hakika na yule niliyemchagua.

Tangu siku ile nimefanya kazi ya ukufunzi kwa imani moja, nayo ndiyo ninayotaka kuwaachia wakufunzi vijana, makoplo, masajini na maluteni usu wanaokabidhiwa platuni yao ya kwanza ya makuruta. Tabia ya kiongozi hujengwa pale anapopewa mamlaka madogo juu ya mwenzake, mamlaka ya kweli yenye kitu cha kugawa, huku mtu mwenye uzoefu akimwangalia na kuzungumza naye baadaye. Somo la darasani kuhusu uadilifu ni zuri, lifundishe. Ila usijidanganye kwamba umemaliza kazi kwa kuwa makuruta wote wamejibu mtihani wa maadili na kupata alama za juu. Yule kijana mrefu naye alipata alama za juu.

Gawa zamu, na zamu iwe na uzito

Panga kozi yako kwa wiki. Kila wiki seksheni iwe na kiongozi mpya, na kila kuruta apite katika nafasi hiyo angalau mara mbili kabla ya kuhitimu. Usimpe siku moja. Siku moja kila mtu anaweza kuigiza wema. Siku ya nne, akiwa amelala saa tatu tu, miguu ina malengelenge na mvua imelowesha godoro, hapo utamwona mwenyewe. Na mara ya pili ni muhimu kuliko ya kwanza, maana ndiyo inayokuonyesha kama amejifunza.

Uongozi huo usiwe wa kupiga filimbi na kuhesabu watu tu. Mkabidhi vitu vinne: mgawo wa chakula, orodha ya malindo, fatiki (kazi za mikono za kambini) na mizigo ya safari. Katika hivyo vinne kuna kila jaribu ambalo ofisa atakutana nalo maishani: kitu kichache, watu wengi, marafiki, uchovu, na kishawishi cha kujipendelea.

Chukua orodha ya malindo. Lindo la saa mbili usiku ni rahisi, ukishuka unalala moja kwa moja hadi alfajiri. Lindo la saa nane hadi saa kumi usiku ndilo linalouma, kwa kuwa linakata usingizi katikati, na ukirudi hangani huna muda wa kusinzia kabla ya mchakamchaka. Kila asubuhi chukua daftari la kiongozi wa wiki usome nani amewekwa saa nane. Ukikuta jina moja limejirudia mara tatu, na jina la kiongozi mwenyewe halijatokea hata mara moja, huhitaji kumpa mtihani wa maadili. Angalia pia kama wanaopendelewa wanatoka mkoa wake, wanasali naye, au walisoma naye. Jeshi letu linakusanya vijana kutoka kila wilaya, na upendeleo wa aina hiyo ukiota mizizi kwenye seksheni utafika nao kikosini.

Kuhusu nani aanze, wakufunzi wengi humpa zamu ya kwanza mwenye sauti kubwa. Mimi hushauri uanze na wa katikati, yule ambaye hajulikani kwa uhodari wala kwa uzembe. Mwenye sauti kubwa akianza, wengine watadhani uongozi ni kupaza sauti, na wiki zote zinazofuata watamwiga. Mnyonge sana akianza atavunjika kabla hajajifunza. Wa katikati hulazimika kufikiri, na seksheni nzima humwangalia akifikiri.

Kisha kuna jambo gumu kwa mkufunzi: mwache akosee. Ukimwona anachanganya orodha ya fatiki, usirukie. Subiri matokeo yaonekane, wenzake wamlalamikie, ajaribu kurekebisha. Ingilia mara moja pale penye hatari ya mwili, silaha au afya, au pale mtu anapoonewa. Mengine yaache yapike. Na ukiamua kumrekebisha, mwite pembeni. Ukimnyang'anya uongozi mbele ya seksheni yake umewafundisha vijana kumi kwamba mkubwa huaibisha mdogo.

Yule kijana mrefu hakuvuliwa zamu. Jioni ile sajinitaji alimwita chini ya mwarobaini ule ule na kumtaka ataje, mmoja baada ya mwingine, kila mtu wa seksheni yake alikula nini mchana. Alitaja watatu vizuri. Wa nne akasita. Alipofika kwa kijana wa lindo akanyamaza kabisa, akaangalia buti zake. Sajinitaji akamwambia kuanzia kesho atachota wa mwisho mpaka zamu yake iishe, na baada ya wiki ile atapanga mstari akiwa wa mwisho wiki nzima nyingine. Basi. Hakupigishwa hata pushapu moja.

Ganda la risasi

Sasa niseme kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha sehemu ngumu kuliko zote, ukweli.

Wanaojua renji wanajua utaratibu. Mkimaliza kulenga shabaha, maganda yote yanaokotwa na kuhesabiwa yalingane na risasi zilizotolewa, mifuko inakaguliwa, na kila mtu anatamka mbele ya ofisa wa renji kuwa hana risasi wala ganda. Siku moja hesabu yetu ilipungua kwa ganda moja. Tulipekua nyasi kwa magoti hadi jua likawa linazama. Hatukulipata. Tumerudi kambini, watu wamekasirika, saa moja baadaye kuruta mmoja akaja mlangoni kwangu anatetemeka, ganda liko kiganjani. Lilikuwa limeruka kutoka kwenye bunduki ya jirani na kutumbukia kwenye mfuko wa kombati wenye tundu, likashuka hadi kwenye pindo la suruali. Alilikuta alipokuwa akivua buti.

Angeweza kulitupa chooni na hakuna ambaye angejua. Alilileta kwangu. Nami, kwa uchovu na hasira, nikaitoa platuni nzima nje na kuwapa doso (mazoezi ya adhabu) la saa mbili, yeye akiwa mbele yao, nikiwaambia wazi kwamba wamshukuru mwenzao.

Wiki nane zilizobaki za kozi ile hakuna kuruta hata mmoja aliyekuja tena kwangu na kosa lake. Vyombo vilivunjika bila aliyevunja. Kurunzi ilipotea bila aliyeipoteza. Kuna aliyeficha homa siku tatu kwa kuogopa kwamba akisema, wenzake wataadhibiwa kwa ajili yake, na tulimpeleka zahanati akiwa hajiwezi. Yote hayo niliyapanda mimi kwa saa mbili.

Nilichojifunza ni kutenganisha kosa na ukweli. Kosa lina adhabu yake, itoe, ndogo au kubwa kadiri ya kosa. Ukweli una heshima yake, nayo itoe hadharani. Kwa kuruta yule ningesema mbele ya platuni kuwa amefanya jambo ambalo nataka kila mmoja wao alifanye. Kisha kwa faragha ningemwelekeza ashone mfuko ule usiku huohuo aniletee niukague asubuhi. Kosa la kutokagua sare lingeadhibiwa kwa sindano na uzi, na ukweli ungebaki na thamani yake.

Nilichukua siku kumi na mbili kabla ya kusimama mbele ya platuni na kuomba radhi. Siku kumi na mbili ni nyingi mno. Ningewahi, huenda yule wa homa asingeteseka. Ukikosea mbele ya makuruta, sema siku hiyohiyo, kwa sentensi mbili, bila kujitetea: nilifanya hivi, haikuwa sawa, kuanzia sasa tutafanya vile. Hutapungukiwa na heshima. Wanaokuangalia ni watu watakaokuja kuamrisha watu, na ni vema waone kuwa kukiri kosa ni sehemu ya kazi ya mwenye cheo.

Jambo hili haliishii kwenye kambi zetu. Chuo cha kijeshi cha West Point cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1802, kina kanuni ya heshima inayomkataza ofisa mwanafunzi kudanganya, kuibia mtihani, kuiba, na pia kuwavumilia wanaofanya hivyo. Kwa miaka mingi adhabu ilikuwa moja: kufukuzwa. Mwaka 1976 ikagundulika kwamba wanafunzi wengi wa mwaka wa tatu walikuwa wamesaidiana katika kazi ya somo la umeme waliyopewa wakaifanye kila mtu peke yake. Zaidi ya 150 waliondoka chuoni. Tume iliyoongozwa na Frank Borman, mwanaanga aliyesoma hapohapo, ilipochunguza haikuwalaumu vijana peke yao, ilikigeukia na chuo. Ikapendekeza waliokosa wapewe nafasi ya kurudi, na kuwepo na adhabu nyingine mbali na kufukuzwa. Fikiri kama mwanafunzi: ukijua kwamba neno lako moja litamaliza maisha ya kijeshi ya rafiki yako kwa kosa la aina yoyote, utanyamaza. Na chuo kinachotoa maofisa waliozoea kunyamaza kina tatizo kubwa kuliko la mtihani.

Kwa hiyo ukiandika kanuni za platuni yako, ziwe chache, ziweze kutimizwa, na adhabu ziwe na ngazi. Uongo unaoweka maisha ya mtu hatarini uwe juu kabisa ya ngazi hiyo. Soksi isiyokunjwa iwe chini kabisa. Kuruta akiona uongo na soksi vinapata doso lilelile, atahitimisha kwamba kwako vyote ni sawa.

Mkirudi kutoka zoezini, kaeni chini

Kituo cha mafunzo cha jeshi la Marekani kilichopo Fort Irwin, jangwani California, kilijulikana kuanzia miaka ya 1980 kwa kitu kinachofanana sana na baraza letu la kijijini. Baada ya kila pambano la mazoezi, walioshiriki walikaa na kuzungumza yaliyotokea, wakubwa kwa wadogo, na vyeo havikuwa kinga. Jambo hilo limeenea katika majeshi mengi kwa sababu linafaa, na halihitaji mtambo wowote.

Fanyeni hivi. Mkirudi, kabla ya kuoga, kabla kumbukumbu hazijapambwa, kaeni duara chini. Kiongozi wa zamu aulize maswali manne: tulikusudia nini, kimetokea nini, kwa nini, na mara nyingine tutabadili nini. Aanze kujibu mwenye cheo kidogo, wewe mkufunzi uwe wa mwisho. Ukianza wewe, waliobaki watarudia maneno yako kwa mpangilio mwingine. Nusu saa inatosha.

Nakumbuka zoezi la usiku la kutembea kwa ramani na dira. Seksheni ilitakiwa kufika kwenye kisima, ikatokea upande wa pili wa kilima, karibu alfajiri, watu wamechoka na kila mmoja ana mtu wa kumlaumu. Tulipokaa duara kulikuwa na kimya kirefu. Kisha msichana aliyekuwa ameshika dira akasema, "Mimi niliisoma dira bunduki ikiwa kifuani." Hakuna aliyemwelewa mara moja. Akavua SMG, akaiweka chini, akaisogeza dira karibu na mtutu, na wote tukaona sindano ikivutwa na chuma na kuacha kaskazini. Kabla sijafungua kinywa, kiongozi wa zamu akasema kuwa yeye ndiye aliyemwambia aharakishe wakati alipotaka kusimama kuhakikisha. Dakika ile ilikuwa na faida kuliko mwezi wa mihadhara yangu. Nikawaambia kitu kimoja tu, kwamba usiku unaofuata wataongoza haohao wawili. Waliongoza, wakafika kisimani kukiwa bado giza, na yule msichana akawafundisha seksheni nyingine habari ya chuma na sindano.

Kuna hatari moja: kikao hiki kisigeuke mahakama. Ukimsikia mtu anasema "fulani ndiye mzembe", mrudishe kwenye tukio. Fulani alifanya nini, saa ngapi, na wewe ulikuwa wapi?

Doso lina mpaka

Siandiki haya nikiwa mtu wa mikono laini. Kuruta lazima achoke, alale kidogo, abebe kizito, atambae kwenye tope, kwa kuwa vita haitampa godoro. Ila ugumu wa mafunzo na udhalilishaji ni vitu viwili, na mkufunzi anayevichanganya anafundisha uonevu akidhani anafundisha ukakamavu.

Kipimo changu ni hiki. Je, zoezi hili nitalifanya pamoja nao? Je, nitalifanya mchana mbele ya mkuu wangu wa kikosi? Je, nitaweza kulieleza kwa mama wa kuruta huyu akija kunitembelea? Jibu likiwa hapana kwa swali lolote, acha. Usiguse chakula cha mtu kama adhabu. Usimtukanie wazazi. Usimlazimishe aliye mgonjwa. Usikae na kuruta wa kike, wala wa kiume, peke yenu katika chumba kilichofungwa kwa sababu yoyote ile. Mamlaka yako juu yake ni makubwa kiasi kwamba hata ukimwomba jambo kwa upole, yeye husikia amri. Na usiruhusu kamwe makuruta wa kozi iliyotangulia wawaadhibu wapya usiku kwa jina la mila.

Hilo la mwisho naomba lisipitwe haraka. Oktoba 2012, katika chuo cha Saint-Cyr, Ufaransa, kinachozalisha maofisa wa nchi kavu na chenye sifa ya miaka zaidi ya mia mbili, wanafunzi waliotangulia waliwaandalia wapya usiku wa kuwarithisha mila. Sehemu yake ilikuwa kuvuka bwawa la maji baridi gizani wakiwa wamevaa sare. Kijana mmoja alizama akafa. Hawakuwa wahalifu waliokusudia kuua. Walikuwa vijana waliopewa mamlaka juu ya wenzao bila jicho la mtu mzima mwenye kusema hapana. Ndiyo maana nilisema mwanzo kwamba mamlaka madogo hujenga tabia pale yanapoangaliwa. Yasipoangaliwa yanaibomoa, na wakati mwingine yanaua.

Mfundishe kulalamika

Sehemu hii wakufunzi wenzangu huwa hawaipendi. Wanasema askari anayelalamika ni askari mbovu. Mimi hujibu kwa kuwakumbusha Januari 1964.

Askari wa Tanganyika Rifles walikuwa warithi wa King's African Rifles, na kwata waliijua barabara. Usiku wa kuamkia tarehe 20 walinyanyuka katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, ambayo leo ni Lugalo, wakawaweka chini ya ulinzi maofisa wao wa Kiingereza na kuingia mjini. Madai yao yalijulikana na wote: mishahara iongezwe, na maofisa Waafrika wachukue nafasi za Waingereza. Wenzao wa Tabora wakafuata. Katika juma hilohilo moto ukawaka Jinja, Uganda, na Lanet, Kenya. Tarehe 25 wanajeshi wa Uingereza, kwa ombi la serikali ya Tanganyika yenyewe, wakaishambulia Colito na maasi yakaisha. Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lile, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania likiwa na msingi mwingine, ambamo askari alitakiwa kuwa sehemu ya wananchi, na elimu ya siasa ilipewa nafasi kubwa.

Maasi ni kosa zito na sina neno la kuyatetea. Lakini ninaposoma habari ile kama mkufunzi najiuliza: askari yule wa mwezi Desemba 1963, mwenye dai halali la mshahara, alikuwa amefundishwa alipeleke wapi? Alifundishwa kugeuka kulia na kushoto. Kulisema jambo lake kwa heshima, kulisubiri jibu, na kulikubali jibu lisilompendeza, hayo nayo ni mafunzo, na asiyeyapata ana njia mbili tu, kunyamaza au kulipuka.

Kwa hiyo tenga saa moja kila wiki, siku ileile, saa ileile, ya kusikiliza. Kiongozi wa zamu ndiye alete malalamiko ya seksheni, yote, hata yanayomhusu yeye. Mfundishe namna: ataje jambo lenyewe, tarehe, nani limemgusa, na anapendekeza nini. Asiseme "chakula kibaya". Aseme ugali wa Jumanne na Alhamisi ulikuwa mbichi, watu wanne waliumwa tumbo, tunaomba sajini wa jiko aukague kabla haujatoka. Wewe nawe uandike mbele yao, na wiki inayofuata uanze kikao kwa majibu. Jibu la "haiwezekani, na sababu ni hii" ni jibu kamili. Kinachoharibu ni ukimya. Na lalamiko likiwa dhidi yako, lipeleke mwenyewe kwa mkuu wako kabla hawajakuruka.

Nimeona kuruta aliyekuwa mnung'unikaji wa chini chini, mwenye kuwachochea wenzake hangani, akigeuka kuwa msemaji bora wa seksheni baada ya kupewa daftari na kanuni hiyo. Hakubadilika moyo kwa siku moja. Alipata tu mahali pa kuyapeleka.

Daftari lako

Mwisho wa kozi utatakiwa kuandika ripoti ya kila kuruta. Nimesoma ripoti nyingi zilizoandikwa "ana nidhamu, mtiifu, anafaa". Mkuu wa kikosi anayempokea kijana huyo hajaambiwa chochote. Usiandike sifa, andika tukio, na uliandike usiku huohuo lilipotokea. Nunua daftari dogo linaloingia mfukoni, kila jina lipewe kurasa mbili. Kwa kila zamu weka tarehe, hali ilivyokuwa, alichofanya, na wenzake walivyoitikia. Mistari mitatu inatosha. Kabla ya kuandika ripoti soma kurasa zote mbili kuanzia wiki ya kwanza, kwa maana mtu wa wiki ya tatu na mtu wa wiki ya kumi na moja mara nyingi ni watu wawili, na ni haki yake usimhukumu kwa yule wa kwanza.

Daftari la kozi ile ya kwanza bado ninalo, karatasi zimekuwa za njano na jalada limeliwa na mchwa upande mmoja. Kwenye ukurasa wa pili wa yule kijana mrefu, mwandiko wangu wa wakati ule, wino umefifia:

"Wiki ya 11, zamu ya pili. Mvua tangu alfajiri, chakula kimechelewa na kimepungua. Amewaita walio lindo wachote kwanza. Yeye amechota wa mwisho, ndoo ilikuwa tupu, amekwangua ukoko. Hakusema kitu. Wenzake wawili wamemmegea ugali."

Chini yake sajinitaji ameweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu, na herufi za kwanza za jina lake.